Kutoka Mombasa hadi Nzwani, Mwali na Ngazija: mpango wa siku 14

Mtu wa Mombasa akishuka Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwani Ngazija, hapotei haraka. Vichochoro ni kama vya Kibokoni, wazee wamekaa barazani na kofia zao, harufu ya pilau inatoka madirishani, na akisikiliza vizuri atakamata neno moja katika kila manne. Makosa ya safari huanzia hapo hapo. Kwa kuwa watu ni kama jamaa, mgeni hudhani na safari yenyewe ni kama kwenda Lamu. Kumbe bahari ya kati ya visiwa ni bahari kuu, vyombo huondoka vikijaa au hali ikiruhusu, pesa ya simu ya Kenya haifui dafu, na mlima mkubwa ni volkano iliyo hai.

Ndiyo maana mpango huu unaanza na visiwa vya mbali, Nzwani na Mwali, na kumalizia Ngazija. Ndege ya kurudi nyumbani huondoka Hahaya, Ngazija. Anayetembea Ngazija kwanza na kuacha Nzwani na Mwali mwishoni huwa anaomba bahari itulie siku ile ile ambayo tiketi yake inaisha. Bahari haina habari na tiketi.

Kuchagua miezi

Hapa pana mgongano ambao watu wengi hawauoni mapema. Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili, ni wa joto na mvua kubwa, na ndio msimu wa vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija Aprili 2019, na Chido kikaipiga Maore (Mayotte) Desemba 2024. Msimu wa kusi, Mei hadi Oktoba, ni mkavu na mzuri kwa kupanda mlima, lakini Juni hadi Agosti upepo huo huo huchafua mkondo kati ya Ngazija na Mwali. Julai na Agosti pia ndiyo miezi ambayo Wangazija waishio Ufaransa hurudi kwa harusi kubwa za kimila ziitwazo anda. Ndege hujaa, nyumba za wageni hujaa, na bei hupanda.

Chaguo bora ni katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Mlima bado mkavu, kusi inalegea kuelekea malelezi, wenye harusi wameshaondoka, na nyangumi bado wanaonekana. Chaguo la pili ni Mei. Mwezi wa Ramadhani unasafirika, ila mchana hoteli za chakula hufungwa na mlima ni mzito kwa aliyefunga.

Karatasi, fedha na mzigo

Kwanza pasipoti: iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Viza hutolewa uwanjani ukifika. Ada iliyozoeleka ni yuro 30 kwa siku 45. Ipeleke taslimu, noti safi, na uwe na anwani ya pa kulala iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu utaulizwa. Tiketi ya kurudi iwe imechapishwa. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo hata kama hujaambiwa. Ukipitia Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka wa Lunga Lunga, kwenda Dar utaihitaji, na chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchanja siku ya mwisho.

Fedha ndiyo inayowaangusha wengi. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro: yuro 1 ni faranga 491.97, kwa hiyo yuro 100 ni kama faranga 49,200. Shilingi ya Kenya hutapata wa kuibadilisha. Badilisha shilingi kuwa yuro ukiwa bado Mombasa, na mwambie mwenye duka la fedha akupe nusu kwa noti za 5, 10 na 20. Mashine za kutolea pesa zipo Moroni, chache, na huishiwa. Ukivuka kwenda Mwali hesabu kwamba hakuna. Kwa hiyo pesa yote ya Nzwani na Mwali itoke mfukoni mwako tangu Moroni. Faranga zilizobaki zitumie au zibadilishe kabla ya kuondoka, maana nje ya nchi hazina mnunuzi.

Sokoni mtu mzima anaweza kukutajia bei kwa riali. Hiyo ni hesabu ya zamani, riali 1 ni faranga 5. Ukisikia riali, uliza ni faranga ngapi kabla ya kutoa pesa, ili usilipe pungufu ukaonekana mjanja.

Mzigo uwe begi la mgongoni, si sanduku la magurudumu, kwa sababu utaubeba ukiwa umekunja suruali majini. Ndani yake tia:

- jaketi la kuokolea la saizi yako (la boti huenda lisiwepo, au likawa limechoka)
- mifuko miwili mizito ya nailoni ya kufunga nguo na simu
- sweta nzito, koti la mvua, kofia ya baridi na viatu vya kufunga vyenye soli ngumu
- tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, na betri za akiba
- adapta ya plagi ya Kifaransa, ile ya pini mbili za mviringo, pamoja na betri kubwa ya kuchajia simu, kwa sababu umeme hukatika
- chandarua au dawa ya kupaka, na dawa za kinga ya malaria alizoandika daktari
- kanzu au suruali ndefu kwa wanaume. Dira, buibui au leso pana kwa wanawake

Saa haibadiliki, ni ile ile ya Mombasa. Magari hupita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kushoto kwanza.

Kufika

Bandari ya Kale haina chombo cha abiria chenye ratiba ya kwenda Moroni. Jahazi la mizigo si njia ya mtalii: halina bima, halina tarehe, na ukifika nalo mhuri wa uhamiaji unakuwa kazi. Ndege ni kupitia Nairobi, Addis Ababa au Dar es Salaam. Ukiunganisha na treni ya Nairobi, lala huko usiku mmoja. Treni na ndege siku moja ni kujitafutia presha. Njia ya Dar kwa basi kupitia Lunga Lunga hupendwa na wanaobana matumizi, ila nayo iwekee siku nzima, maana foleni ya mpakani haina uhakika.

Tahadhari moja: ndege nyingine za kwenda Moroni hutua Dzaoudzi, Maore, kwanza. Maore ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011 na ina viza yake. Wewe kaa kitini. Na mtu yeyote akikuambia, ukiwa Nzwani, kwamba kuna kwassa, boti ndogo ya magendo, ya kukufikisha Maore usiku kwa bei nafuu, ondoka. Mkondo huo umezamisha watu wengi sana, wakiwemo watoto.

Kutoka Hahaya hadi Moroni ni kama kilomita 20. Elewana bei na dereva kabla mzigo haujaingia kwenye buti, na useme kama unataka gari peke yako au la kuchangia. Lala Moroni siku ya 1, badilisha fedha, nunua laini ya simu, kata tiketi ya ndege ya ndani.

Siku ya 2 hadi ya 5: Nzwani

Nenda kwa ndege, urudi kwa bahari. Ndege ndogo za ndani hufuta safari bila aibu, na ukifutiwa mwanzoni mwa ziara bado una siku za kufidia. Uliza uzito wa mzigo unaoruhusiwa, kwa sababu huwa kidogo na mizani wanaitumia kweli. Uwanja uko Ouani, kilomita chache kutoka Mutsamudu.

Mutsamudu utembee kwa miguu, asubuhi, bila ramani. Ingia medina kutoka upande wa bandari, fuata kichochoro chochote kinachopanda. Utaona milango ya nakshi, madaraja ya nyumba juu ya njia ambayo kwetu tungeyaita wikio, na kasri la Ujumbe lililofanyiwa ukarabati. Ngome ya karne ya 18 iko juu ya mji na mizinga yake bado imeelekea bahari. Ilijengwa wakati wavamizi kutoka Bukini (Madagaska) walipokuwa wakija na mitumbwi yao kuteka watu. Panda huko kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Katikati ya mchana ngazi zinachoma. Wanawake wa Nzwani hujitanda shiromani, nguo ambayo ni binamu wa leso yetu, na hupaka msindzano usoni kama liwa. Usipige picha kabla ya kuomba, na ukikataliwa usirudie.

Siku ya pili kisiwani vuka milima kwenda Domoni, upande wa mashariki, uliokuwa makao ya masultani kabla ya Mutsamudu. Njiani barabara hupita mashamba ya karafuu na milangilangi. Ukitaka kuona mafuta ya langilangi yakitolewa kwa mvuke, fika asubuhi mapema, kwa sababu maua huchumwa alfajiri na lazima yaingie kwenye pipa yakiwa hayajanyauka. Moto huwashwa kwa saa 14 hadi 20, na mafuta ya saa za kwanza ndiyo ghali zaidi. Kazi hii hula kuni nyingi, na utaona mwenyewe vilima vilivyobaki na nyasi. Domoni pana msikiti wa kale na kaburi la Rais Ahmed Abdallah, aliyeuawa Novemba 1989: jengo jeupe lenye minara minne.

Siku ya tatu ni ya mlima. Ziwa Dzialandzé liko ndani ya kreta ya kale katikati ya kisiwa, na Ntringui, kilele cha Nzwani chenye mita 1,595, kiko juu yake. Chukua gari hadi upande wa Dindi, kisha mwenyeji akuongoze. Hadi ziwani ni matembezi ya kawaida. Kilele ni saa mbili hadi tatu zaidi za kupanda mwinuko mkali wenye matope. Anza saa 12 asubuhi. Wanaoanza saa 4 hukutana na ukungu, na ukungu wa Ntringui haukupi onyo. Msituni tazama juu: popo wa Livingstone, weusi, wenye mabawa ya karibu mita 1.4, huishi Nzwani na Mwali tu duniani kote.

Siku ya 6 hadi ya 8: Mwali

Mwali ni kidogo na maskini zaidi kwa barabara, lakini ndicho kisiwa cha kupunguza mwendo. Ukivuka kutoka Nzwani, uliza mabaharia wa Mutsamudu jioni ya kuamkia safari, si wiki moja kabla. Jibu lao la jioni ndilo lenye maana.

Fomboni yenyewe inahitaji nusu siku. Mji huu ndio uliotawaliwa na malkia Djoumbé Fatima hadi alipofariki mwaka 1878, na hapa ndipo mapatano ya Februari 2001 yalipowekwa sahihi ili visiwa visisambaratike. Kisha nenda kusini, Nioumachoua, ambako visiwa vidogo vimepangwa mbele ya kijiji kama vyombo vimetia nanga. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilianzishwa 2001, na vijiji vyenyewe ndivyo vinavyoilinda na kukodisha vibanda vya kulala. Lipa ada ya hifadhi na upewe risiti.

Itsamia, mashariki, ndiko kasa wa kijani hupanda kutaga, karibu mwaka mzima. Fanya hivi. Fika kijijini mchana ujitambulishe kwa chama cha kijiji na uchukue mwongozaji. Usiku vaa nguo nyeusi, zima simu kabisa, tumia taa nyekundu tu, tena ikielekezwa chini. Kaa nyuma ya kasa, si mbele yake. Usimsogelee anapopanda wala anapochimba, kwa sababu hapo akishtuka hugeuka na kurudi baharini na mayai tumboni. Akishaanza kutaga hutulia, na mwongozaji atakuita. Kupiga picha kwa mweko humpofusha, na vitoto vinavyoanguliwa hufuata mwanga wowote mweupe vikaishia vichakani badala ya majini. Ukiuziwa gamba la kasa au matumbawe, usinunue; ni kosa la sheria za kimataifa, na forodha ya Kenya itakushika.

Siku ya 9: kuvuka Hoani hadi Chindini

Hii ndiyo siku ya kutumia akili kuliko zote. Boti za injini huondoka Hoani, kaskazini mwa Mwali, kwenda Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija. Bahari ikiwa shwari ni kama saa mbili.

Kuwa ufukweni saa 11 alfajiri. Upepo huamka jua likipanda, na boti ya saa 5 hukutana na mawimbi ambayo ya saa 12 hayakuyaona. Kabla ya kupanda hesabu mambo manne: injini ni mbili au moja, jaketi za kuokolea zipo ngapi, watu ni wangapi kuliko mabenchi, na nahodha ana simu au redio. Injini moja, bila jaketi, watu wamekaa ukingoni: ngoja boti nyingine, hata ikiwa ni ya kesho. Mpango huu una siku ya akiba kwa ajili hiyo. Kaa nyuma, karibu na injini, ambako boti hairuki sana. Usile kitu cha mafuta alfajiri. Tangawizi kavu husaidia kichefuchefu, na dawa ya kichefuchefu hunywewa saa moja kabla, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Chindini kuna gari za kuchangia hadi Moroni. Lala mapema.

Siku ya 10 na 11: Karthala

Karthala ina mita 2,361, na kreta yake ni kati ya kubwa zaidi za volkano hai duniani, kama kilomita 3 kwa 4. Ililipuka mara mbili mwaka 2005, tena 2006, na Januari 2007. Majivu ya 2005 yaliharibu maji ya birika katika vijiji vingi. Kwa hiyo hatua ya kwanza, siku moja kabla, ni kuuliza Moroni kama kituo cha uangalizi wa volkano kimetoa onyo lolote. Kama lipo, usipande, hata kama mwongozaji anasema ni salama.

Njia ya kawaida huanza Mvouni, kijiji kilicho juu ya Moroni, hupita Boboni, ikaingia msituni, kisha kwenye vichaka vya baridi, hadi ukingoni. Kupanda huchukua muda wa saa 7 hadi 8. Panga siku mbili na kulala juu. Wanaojaribu kwenda na kurudi siku moja hufika wamechoka saa 8 mchana, wakati kreta imejaa ukungu, wakarudi hawakuona kitu.

Maji ndiyo hesabu kubwa. Mwamba wa Ngazija ni mpya na una matundu, mvua yote huzama ardhini, na kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Mlimani hakuna chemchemi ya kutegemea. Kila mtu abebe lita 6 kwa siku mbili, na hizo ni kilo 6 kabla ya chakula, hema na blanketi. Ndiyo sababu ya kukodi mchukuzi pamoja na mwongozaji. Elewana nao mambo matatu: malipo kwa siku au kwa safari, chakula chao nani ananunua, na maji yao nani anabeba. Hilo la mwisho likisahaulika, ya kwako yatagawanywa.

Ondoka Mvouni saa 11 alfajiri. Usiku juu ni baridi ambayo mwili wa pwani hauijui, inaweza kukaribia sifuri. Vaa kila ulichonacho kabla ya jua kuzama, usingoje utetemeke. Amka alfajiri, tazama kreta jua linapochomoza, na uanze kushuka saa 3, kabla ukungu haujapanda. Kuteremka kuna majivu na mawe yanayoteleza, na wengi huumia goti hapo, si kwenye kupanda. Fimbo mbili zinasaidia kuliko viatu vya bei.

Siku ya 12 na 13: Moroni, Iconi na kaskazini

Miguu ikiuma, mji wa kale wa Moroni unafaa. Msikiti wa Ijumaa wa bandarini una tarehe ya 1427. Usiingie wakati wa swala kama hukuja kuswali. Kwenye makumbusho ya taifa utaona gombessa, samaki aliyedhaniwa ametoweka zama za kale hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili akapatikana Nzwani mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote kwa jina lake.

Kila mji wa Ngazija una bangwe, uwanja wenye mabenchi ya mawe. Mabenchi hayo yana daraja, na nafasi hupatikana kwa anda. Simama, salimu, ungoje uonyeshwe pa kukaa. Kumbuka pia kwamba kwao "marahaba" maana yake ni asante, kwa hiyo mtu akikutamkia usidhani anaitikia shikamoo ambayo hukuitoa.

Iconi, kilomita chache kusini, ilikuwa makao ya masultani wa Bambao. Juu ya mji kuna jabali ambalo wanawake walijirusha baharini mwanzoni mwa karne ya 19 kuliko kuchukuliwa na wavamizi wa Bukini. Watu wa hapo bado wanalisimulia kama jambo la nyumbani mwao, na mgeni anayepiga picha za kuchekacheka pale huumiza watu.

Ikiwa siku ya 13 haijaliwa na bahari, nenda kaskazini hadi Mitsamiouli, fukwe nyeupe za Maloudja na ziwa la chumvi lililo ndani ya kreta. Ukinunua vanila, chagua kijiti cheusi, laini, chenye mafuta, kinachozunguka kidoleni bila kukatika. Kikiwa kikavu kimeisha, na chenye vumbi jeupe linalonuka unyevu kina ukungu. Mafuta ya langilangi yafunge kwenye nailoni mbili na uyatie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Miche na maua mabichi usibebe.

Siku ya 14 fika Hahaya muda wa saa 3 kabla ya ndege kuondoka, ukiwa umeshatumia faranga zako zote isipokuwa za teksi.